Hadithi bora ya mashabiki si ile inayofanana zaidi na riwaya asilia

Dhana potofu: Hadithi ya mashabiki (inayoandikwa na wasomaji kwa kutumia wahusika wa kitabu wanachokipenda) inayofaa kupendekezwa ni ile inayoifuata riwaya asilia bila kuiacha hata hatua moja.

Ukweli: Dhana hii naisikia tena na tena kutoka kwa wasomaji wanaofika maktabani baada ya kumaliza Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, nayo huharibu mapendekezo kuliko nyingine zote. Msomaji huomba hadithi “inayofanana kabisa na kitabu,” hupewa masimulizi yanayorudia matukio yaleyale kwa lugha dhaifu zaidi, kisha huamua kwamba hadithi za mashabiki kwa jumla hazina maana. Anayetamani riwaya ileile na aisome upya, kwa sababu hakuna shabiki atakayemshinda Jane Austen katika kuwa Jane Austen.

Hadithi ya mashabiki hupata uhai wake pale ambapo riwaya ilinyamaza au ilichagua njia moja ikaacha nyingine. Austen, katika riwaya hiyo ya mwaka 1813, anatupa maneno ya mwanzo ya posa ya kwanza ya tajiri Darcy katika kijiji cha Hunsford pamoja na jibu kali la Elizabeth, mhusika mkuu, lakini Elizabeth anapokubali posa ya pili, mwandishi anatusimulia tu kwamba alikubali, wala hatusikii maneno yake. Jinsi Darcy alivyowasaka Lydia, mdogo wake Elizabeth, na Wickham aliyetoroka naye, jijini London tunaipata hasa kwa barua ya Bi. Gardiner, mke wa mjomba wake Elizabeth. Katika mapengo kama hayo ndipo waandishi wapya wanapoingia: mmoja husimulia msako ule kwa macho ya Darcy, mwingine huuliza ingekuwaje Elizabeth angeikubali posa ya Hunsford kwa ajili ya usalama wa mama na dada zake, akaolewa na mtu asiyempenda bado. Hadithi ya aina hii ya pili inakiuka riwaya waziwazi, lakini inaweza kuwa ya kweli zaidi kwa tabia za wahusika, na uaminifu ninaoutafuta ninapopendekeza ni huo wa tabia, si wa matukio.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo vitabuni. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alipochapisha Wide Sargasso Sea mwaka 1966, hakuiiga Jane Eyre ya Charlotte Brontë. Alimchukua Bertha Mason, mke aliyefungiwa darini ambaye habari zake tunazipata zaidi kwa kinywa cha mumewe Rochester, akampa jina la Antoinette, utoto wa Jamaika na sauti yake mwenyewe, huku jina la Rochester likiwa halitajwi hata mara moja. Jo Baker naye, katika Longbourn ya mwaka 2013, alishuka jikoni kwa watumishi wa nyumba ya kina Elizabeth. Matope ambayo kwa Austen yanaonyesha uhuru wa Elizabeth anayetembea kwa miguu hadi Netherfield, kwa Baker ni nguo ambayo kijakazi Sarah lazima aifue.

Kwa hiyo msomaji anayetaka pendekezo simuulizi ameipenda riwaya gani tu, bali ni ukurasa upi alitamani usiishe, au ni mhusika yupi alihisi ameonewa. Aliyebaki akimfikiria Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, na ndoa yake na kasisi Collins hahitaji kabisa hadithi nyingine ya Darcy.

Dhana potofu: Kuandika hadithi ya mashabiki ni wizi.

Ukweli: Inategemea riwaya na nchi. Austen alifariki mwaka 1817 na Charlotte Brontë mwaka 1855, kwa hiyo hakuna hakimiliki inayozuia mtu kuendeleza kazi zao wala kuuza alichokiandika. Daphne du Maurier alifariki mwaka 1989, na nchini Uingereza riwaya yake Rebecca italindwa hadi mwisho wa mwaka 2059.

Dhana potofu: Huu ni mchezo wa vijana wa intaneti.

Ukweli: Sybil G. Brinton aliwakutanisha wahusika wa riwaya mbalimbali za Austen katika Old Friends and New Fancies zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Dhana potofu: Hadithi yenye alama nyingi za pongezi ndiyo bora.

Ukweli: Katika Archive of Our Own, tovuti ya hadithi za mashabiki, msomaji hutoa pongezi mara moja tu kwa kila hadithi, hivyo aliyeipongeza sura ya kwanza akaiacha katika ya tatu huhesabiwa sawa na aliyeimaliza, na hadithi ya juzi haiwezi kushindana na iliyokaa hapo miaka kumi. Anayetafuta hadithi mpya apange orodha kwa tarehe, asome lebo za maonyo, kisha asome mazungumzo ya sura ya kwanza, maana Elizabeth asiye na ulimi mwepesi hujulikana mapema. Na anayempendekezea mwenzake aseme wazi hadithi inaachana na riwaya wapi, na kama haijakamilika, sura ya mwisho iliwekwa lini.