"Nimeitoa Google Scholar" si hoja

Kila likizo ya Agosti, walimu wanaosomea shahada wakati shule zimefungwa hujaa maktabani kwetu hapa Mombasa, wengine wamevuka feri ya Likoni alfajiri, mapendekezo ya utafiti mkononi. Huwauliza: umejuaje kwamba makala hii ni ya kutegemewa? Jibu ni lile lile. "Madam, nimeitoa Google Scholar." Juzi nimelisikia mara nne kabla ya adhuhuri, ndipo nikaona niandike.

Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia maandishi ya kitaaluma, ulioanza 2004, hauhakiki kitu. Ni roboti inayopita kwenye tovuti za vyuo na wachapishaji. Ikiona faili lenye kichwa, majina ya waandishi, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzoni) na marejeleo, hulizoa. Ndiyo maana humo mna makala zilizopitiwa na wataalamu, na pembeni yake tasnifu za uzamili, rasimu zisizohakikiwa, na makala za yale majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi amelipa. Zote hutokea kwa sura moja. Na kile kichujio cha "makala za mapitio" wengi hukielewa visivyo: kinaleta makala zinazokusanya tafiti za wengine. Hakisemi lolote kuhusu uhakiki.

Mfano unaoniuma ni huu. Karibu kila pendekezo linalohusu vifaa vya kufundishia lina sentensi kwamba mwanafunzi hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, na kuendelea hadi 90 ya anachotenda, na mwishoni jina la Edgar Dale, 1946. Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani, kweli alichora koni ya uzoefu, mchoro unaopanga njia za kujifunza, katika kitabu chake cha mwaka huo. Asilimia hizo hazimo. Walizibandika wengine, na hakuna utafiti uliozizaa. Lakini zitafute Google Scholar uone: makala juu ya makala, hii imenakili ile. Mwanafunzi akinitolea kumi zinazokubaliana, ameleta uvumi mmoja uliorudiwa mara kumi. Nani kati yao alikifungua kitabu cha Dale? Kwa hiyo, ukikutana na takwimu, ifuate nyuma hadi kwa aliyeipima. Usipomfikia, iache. Kwa hili sina mjadala na mtu.

Kisha litazame jarida lenyewe. Wahariri wametajwa kwa majina na vyuo vyao? Limeeleza linavyohakiki? Likiahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukishalipa, funga ukurasa. Jarida la kusomwa bure lisipokuwemo kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida ya aina hiyo, lichunguze mara mbili.

Na kwa nini mtu wa elimu aanze na Google Scholar wakati ERIC ipo? Ni hifadhidata ya elimu tupu, ya Marekani, ya bure, na ina kisanduku cha kuchagua zilizohakikiwa peke yake. Namba ya chapisho humo ikianza na EJ, hiyo ni makala ya jarida. Ikianza na ED, ni ripoti, hotuba ya kongamano, tasnifu na kadhalika. Andika maneno makuu mawili matatu, usibandike mada yako yote kama ilivyo.

Eti marejeleo yote lazima yawe ya miaka 5 iliyopita. Matokeo ya utafiti, sawa, yawe mapya. Nadharia haina tarehe ya kuharibika. Mtu akiniandikia "Vygotsky, 2021" namrudishia karatasi, maana Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Kisovieti mwenye nadharia ya kujifunza, alifariki 1934; aliyemsoma ni mtu mwingine anayemweleza Vygotsky, na huyo ndiye wa kutajwa.

Eti Afrika haina tafiti. AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida iliyoanza 1998 na yenye makao Afrika Kusini, imejaa majarida ya bara hili, ya Kenya yakiwemo. Wengi wanaoniambia hivyo hawajawahi kuifungua.

Eti makala ikidai dola, basi imekwisha. Usilipe hata senti! Chini ya jina lake kwenye Google Scholar (hapa ndipo inaponifaa) bonyeza palipoandikwa matoleo yote. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure chuoni kwake. Haipo? Muulize mkutubi, huenda chuo kimeshaulipia usajili. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu, kwa adabu, useme unatafiti nini. Anwani yake huwa ukurasa wa kwanza wa makala, karibu na ikisiri.