Tume huru ya mipaka hulipwa na nani? Dhana potofu na ukweli kutoka Michigan

Mwaka 2018 wapiga kura wa Michigan, Marekani, waliwanyang'anya wanasiasa kalamu ya kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, ambayo hupangwa upya kila baada ya sensa. Pendekezo namba 2 la mwaka huo lilipita kwa takriban asilimia 61 ya kura. Kazi iliyokuwa mikononi mwa bunge la jimbo ikapewa raia 13: wanne wa chama cha Democratic, wanne wa Republican, na watano wasiofungamana na chama chochote kati ya hivyo viwili. Wengi wanajua kisa cha Katie Fahey, aliyeandika ujumbe mfupi Facebook mwaka 2016 na kuzua Voters Not Politicians (Wapiga Kura, Si Wanasiasa), vuguvugu lililosukuma pendekezo hilo. Wachache wameuliza raia hao 13 walilipwa na nani, walifunguliwa ofisi na nani, na siku waliposhtakiwa wakili wao alilipwa kutoka mfuko gani.

Mimi naamini uhuru wa tume unakaa kwenye maswali hayo kuliko kwenye jina lake. Ndiyo maana dhana potofu zinazozunguka suala hili zinanikera, maana kila moja humfanya mwananchi aangalie pasipo.

Neno moja la lugha kwanza. Kwa Mtanzania jimbo ni eneo la mbunge, ambalo Mkenya huliita eneobunge. Hapa nikisema jimbo, namaanisha Michigan nzima au California nzima. Anakochaguliwa mbunge nitapaita eneo la uchaguzi.

Dhana: "Bunge ndilo linaloshika mfuko, kwa hiyo uhuru ni jina tu."

Hii ndiyo nzito kuliko zote, na hofu iliyo ndani yake ni ya kweli. Mtu aliyenyang'anywa kalamu anaweza kulipiza kwa kufunga mfuko, na mkono mtupu haulambwi. Kama katiba ingesema tu kwamba tume itakuwa huru na kuishia hapo, bunge lingeweza kuiua kwa njaa bila kupiga kura hata moja ya kuivunja.

Ila walioandika Ibara ya 4, kifungu cha 6, cha katiba ya Michigan waliliona hilo mapema. Kwanza waliweka kiwango cha chini: kila mwaka ambao tume inafanya kazi, bunge lazima liitengee fedha zisizopungua asilimia 25 ya bajeti ambayo ofisi ya Katibu wa Jimbo hupata kutoka mfuko mkuu wa serikali. Ofisi hiyo ndiyo inayosimamia uchaguzi, na pia ndiyo inayotoa leseni za udereva. Hakuna mbunge anayetaka wapiga kura wake wapange foleni ya leseni hadi jioni, kwa hiyo kuibana bajeti hiyo ili kuibana tume ni kujiumiza mwenyewe.

Pili, tume imepewa haki ya kwenda mahakamani ikiona rasilimali ilizopewa hazitoshi. Tatu, na hili ndilo linalonivutia zaidi, jimbo la Michigan lenyewe linawajibika kuwafidia wajumbe gharama walizoingia endapo bunge halikutenga fedha za kutosha. Yaani mjumbe hawezi kutishwa kwamba deni la tume litamfuata nyumbani kwake.

Majimbo mengine yalipita njia nyingine. Arizona, iliyoanzisha tume yake kwa kura ya mwaka 2000, iliandika kiasi chenyewe ndani ya katiba: dola milioni 6 kwa kazi ya kuchora mipaka baada ya sensa ya mwaka huo. Kwa miaka iliyofuata, idara ya utawala inapeleka mapendekezo ya bajeti bungeni. California imeweka sheria kwamba tume yake ipate dola milioni 3 au kiasi kilichotumika katika mzunguko uliopita, kinachozidi kati ya hivyo viwili, kikirekebishwa kwa mfumuko wa bei, na fedha hizo zipatikane kwa miaka mitatu mfululizo.

Ukiniuliza ipi bora, nitasema hesabu ya California inafuata kazi yenyewe, kwa sababu inaangalia tume iliyopita ilitumia nini. Asilimia ya Michigan ni kinga imara zaidi dhidi ya bunge lenye kinyongo, lakini ina kasoro: bajeti ya ofisi ya leseni haipandi wala kushuka kwa kufuata kazi ya tume. Mwaka wa kuchora ramani na mwaka wa kukaa kusubiri hukumu hupimwa kwa kibaba kimoja. Kiasi cha Arizona kilieleweka haraka mwaka 2000, lakini tarakimu iliyoandikwa mara moja huzeeka.

Msomaji wa Kenya anaweza kulinganisha na Ibara ya 249 ya katiba yake, inayosema Bunge litatenga fedha za kutosha kwa kila tume huru na kwamba bajeti ya kila tume iwe na fungu lake. Fungu la peke yake ni ulinzi mzuri. Tatizo liko kwenye neno "za kutosha", maana halina tarakimu, na kila anayelisoma hulipima kwa mizani yake.

Dhana: "Katibu wa Jimbo ndiye bosi wa tume, na yeye ni mwanasiasa."

Ni kweli kwamba Katibu wa Jimbo wa Michigan huchaguliwa kwa tiketi ya chama. Wakati tume ya kwanza inaundwa alikuwa Jocelyn Benson wa Democratic. Ni kweli pia kwamba ofisi yake ilisimamia maombi: ilituma fomu kwa wapiga kura waliochaguliwa bila mpangilio, ambao katiba inataka wasipungue 10,000, na maombi zaidi ya 9,000 yakarudi. Yalichujwa hadi majina 200. Viongozi wanne wa bunge, wa pande zote mbili, wakapewa nafasi ya kukata majina matano kila mmoja. Agosti 2020 majina 13 yakachaguliwa kwa bahati nasibu.

Baada ya hapo mamlaka yanageuka. Katibu wa Jimbo ni katibu wa tume asiye na kura, na huduma zote za kiufundi anazotoa anazitoa kwa maelekezo ya tume. Tume humchagua mwenyekiti wake, hujiwekea kanuni zake za vikao, na ina mamlaka yake ya kununua huduma, kusaini mikataba na kuajiri. Hata uamuzi wa kumbakiza au kumwachisha mtumishi au mshauri una masharti: lazima uungwe mkono na angalau mjumbe mmoja wa kila chama kikubwa na mmoja asiyefungamana. Upande mmoja hauwezi kumfukuza mtaalamu kwa sababu tu hawapendi anachosema.

Udhaifu ninaouona mimi uko kwenye muda. Wajumbe walikaa kikao cha kwanza Septemba 2020. Walikuwa watu waliotoka kwenye kazi zao za kila siku, na kabla ya kugusa ramani walitakiwa kumtafuta mkurugenzi mtendaji, mawakili, wataalamu wa ramani na watu wa mawasiliano. Katika kipindi hicho cha ugeni ofisi ya katibu huwa na nguvu kubwa hata bila kupiga kura, kwa sababu ndiyo inayojua milango iko wapi. California imetenganisha mikono hiyo. Mkaguzi wa Jimbo ndiye anayesimamia uteuzi wa wajumbe, kisha Katibu wa Jimbo huwahudumia hadi watakapokuwa na ofisi na watumishi wao. Anayechagua siye anayehudumia, na naona Michigan ingeweza kujifunza hapo.

Dhana: "Raia mzalendo angefanya kazi hii bure."

Arizona hufanya karibu hivyo: wajumbe wake hurudishiwa gharama tu. California hulipa kwa siku, dola 300 kwa kila siku ya kazi ya tume kama sheria ilivyoanza, zikipanda na mfumuko wa bei. Michigan hulipa mshahara usiopungua asilimia 25 ya ule wa gavana. Tume ya kwanza ilijiwekea asilimia 35, na kwa kuwa gavana alikuwa akilipwa dola 159,300 kwa mwaka, kila mjumbe alipata dola 55,755.

Hapo wakosoaji wana hoja, na sitaki kuificha. Kiwango cha chini kimewekwa na katiba, lakini kupanda juu yake kuliamuliwa na walipwaji wenyewe. Hata hivyo, jiulize ni nani anayeweza kukaa bila malipo kwenye kazi inayotaka mikutano ya hadhara isiyopungua kumi kabla ya kuchora na mitano baada ya kutoa ramani za mapendekezo, mbali na vikao vya kawaida. Ni mstaafu mwenye pensheni nzuri, au mwenye mali. Dereva wa lori na mama anayelea watoto peke yake hawataomba. Ukiondoa malipo, umeshachagua wajumbe kabla ya bahati nasibu kuchezeshwa.

Dhana: "Pesa hizo hazina mkaguzi."

Mali bila daftari huisha bila habari, na katiba inalijua hilo. Tume inatoa taarifa ya matumizi kwa gavana na bunge angalau mara moja kwa mwaka, hukaguliwa kila mwaka, na fedha zilizobaki hurudishwa hazina ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha. Mjumbe, mtumishi, wakili au mshauri haruhusiwi kupokea zawadi ya zaidi ya dola 20 inayoweza kuathiri kazi yake.

Dhana: "Tume ikiwa na fedha na wataalamu wa kutosha, ramani itatoka salama."

Natamani ingekuwa hivyo. Yaliyotokea Detroit yanafundisha zaidi ya ushindi wowote wa tume hii.

Wajumbe hawakuwa wanasheria wa haki za kupiga kura, na hakuna aliyewataka wawe. Kwa hiyo waliwategemea wataalamu waliowalipa. Katika maeneo ya Detroit, wataalamu hao waliwaelekeza tena na tena washushe asilimia ya wapiga kura Weusi, wakilenga kati ya 35 na 45, kwa maelezo kwamba ndivyo inavyotaka Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, ile inayokataza ubaguzi wa rangi katika upigaji kura Marekani. Mistari ikatolewa mjini na kunyooshwa hadi vitongojini. Wakazi Weusi wa Detroit walisimama kwenye mikutano ya hadhara wakasema waziwazi kwamba wanakatwa vipandevipande. Ramani zikapitishwa hata hivyo, Desemba 28, 2021.

Wakazi wakashtaki. Desemba 2023 jopo la majaji watatu wa mahakama ya shirikisho liliamua kwamba maeneo 13, saba ya Baraza la Wawakilishi la jimbo na sita ya Seneti, yalichorwa kwa kutanguliza rangi ya watu, kinyume cha katiba ya Marekani. Tume ikarudi mezani. Ramani mpya ya Baraza la Wawakilishi ilikubaliwa na mahakama Machi 2024, na ya Seneti Julai 2024.

Tunaposema msaada wa kiutendaji, watu hufikiria meza, viti na kompyuta. Lakini msaada wenye uzito kuliko wote ni ushauri, na ushauri mbaya unaolipwa vizuri hubaki mbaya. Raia 13 waliowasikiliza wapiga kura wa Detroit kwa masikio yao waliambiwa na watu wenye shahada kwamba sheria inasema vingine. Wengi wetu tungefanya kama wao. Ndiyo maana naona sehemu ya bajeti ya tume ingefaa kutengwa kwa ajili ya mtaalamu wa pili, asiye na mkataba na wa kwanza, ambaye kazi yake ni kuupima ushauri wa mwenzake mbele ya umma.

Mbele ya umma, nasisitiza. Oktoba 27, 2021 tume ilifunga mlango ikajadili na mawakili wake nyaraka mbili: moja juu ya historia ya ubaguzi na upigaji kura Michigan, nyingine juu ya sheria ya haki za kupiga kura. Vyombo vya habari vilikwenda mahakamani, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Michigan ikaamuru rekodi ya kikao na nyaraka zitolewe, kwa sababu katiba inataka shughuli za tume zifanywe hadharani. Kodi ya wananchi ndiyo iliyowalipa mawakili wale, na mazungumzo yao yalihusu mistari ya Detroit yenyewe.

Dhana: "Ramani ikishapita, ofisi inafungwa na gharama zinaisha."

Katiba inasema muda wa wajumbe hauishi kabla ya mashauri yote ya mahakamani juu ya ramani kukamilika, na bunge lazima litoe fedha za kutosha kuitetea ramani iliyopitishwa. Miaka ya 2022 hadi 2024 ilionyesha kwa nini. Anayepanga bajeti ya tume ya mipaka kana kwamba kazi ni ya mwaka mmoja anaihesabia mvua za vuli na kuisahau masika.

Sensa ijayo ya Marekani ni ya 2030. Kufikia Desemba 1, 2029, bunge la Michigan linatakiwa liwe limeanza kuitengea fedha tume ya pili, na kufikia Januari 1, 2030, fomu za maombi ziwe mikononi mwa wananchi. Mswahili yeyote aliyejiandikisha kupiga kura Michigan anaweza kuomba, ilimradi, pamoja na masharti mengine, katika miaka sita iliyotangulia hakugombea kiti kwa tiketi ya chama, hakuwa kiongozi wa chama wala mshawishi wa kulipwa, na si mzazi, mtoto au mwenzi wa mtu wa namna hiyo.