Uwanja wa Itami haupokei ndege za kimataifa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: ukitoka ng'ambo kwenda Osaka, Japani, utashukia Itami, "uwanja wa kimataifa ulio mjini". Si kweli. Safari za kimataifa zilihamishiwa Kansai, kwenye kisiwa bandia baharini, mwaka 1994. Itami, uliozungukwa na nyumba za watu, una shughuli nyingi, lakini ni za ndani ya Japani tu, saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku kwa sababu ya kelele.

Watu huchanganyikiwa kwa kuwa jina rasmi bado ni Uwanja wa Kimataifa wa Osaka. Kosa hilo linaeleweka kabisa. Angalia tiketi: ITM ni Itami, KIX ni Kansai. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.