Je, wajua kwa nini paja laweza kujaa tena na mguu ubaki dhaifu?

Mtu akifunguliwa plasta ya mguu, kitu cha kwanza kukitazama ni paja. Limekonda, limelegea, na watu wa nyumbani hawakosi la kusema. Wiki zikapita, akala, akafanya mazoezi, paja likajaa, naye akajihesabu amepona. Halafu siku moja anateremka kuingia feri ya Likoni, maji yamekupwa, mteremko umekuwa mrefu, umati unamsukuma mgongoni, na goti linamkatikia.

Ukubwa wa msuli na nguvu zake ni mambo mawili. Msuli wa mbele ya paja, unaonyoosha goti, haufanyi kazi mpaka uti wa mgongo uuamrishe. Goti likivimba, neva za ndani yake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao hupunguza amri zinazokwenda kwenye paja. Mwaka 1965 watafiti walionyesha jambo hili kwa kutia kioevu ndani ya goti: msuli ulinyong'onyea, ingawa haukuwa umejeruhiwa wala kukonda. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa "kaza!" na asikaze pengine si mvivu kamwe. Amri haifiki yote.

Kinyume chake pia hutokea. Katika wiki za mwanzo za mazoezi nguvu huongezeka upesi huku msuli haujanenepa hata kidogo, kwa kuwa neva ndizo zinazojifunza kwanza. Nyama huja baadaye.

Basi mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anapimaje? Njia ya kale ni mkono wake mwenyewe: anakuambia nyoosha, yeye anazuia, kisha anatoa alama kati ya 0 na 5. Mizani hiyo ilienezwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa ajili ya majeruhi wa neva. Sifuri ni msuli usiotikisika. 3 ni kuinua kiungo dhidi ya uzito wake tu. 5 ni nguvu za kawaida. Kwa aliyepooza inafaa sana, maana kutoka 1 hadi 2 ni habari kubwa. Taabu iko huku juu. Alama ya 4 imebeba watu wengi mno, kuanzia anayezuilika kwa vidole viwili hadi anayekaribia kumshinda mtaalamu. Tena paja la kijana anayesukuma mkokoteni Kongowea lina nguvu kuliko mkono wa mtu yeyote anayempima. Laweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na bado likaandikiwa 5.

Ndipo vikaja vipimo vinavyotoa tarakimu. Kipo kifaa cha kubana kwa kiganja, kinachosoma kilo. Kwa wazee, wataalamu wa Ulaya waliweka mwaka 2019 kwamba mwanamume aliye chini ya kilo 27, au mwanamke aliye chini ya kilo 16, achunguzwe kama misuli yake inadhoofika. Kwa miguu ziko mashine kubwa zinazopima msukumo wa goti kwa mwendo usiobadilika. Ni ghali. Lakini mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, ikifungwa barabara kati ya kifundo cha mguu na nguzo isiyotikisika, nayo hupima mvuto. Sharti ni kuandika kamba ilifungwa umbali gani kutoka gotini. Paja lile lile likisoma kilo 20 kamba ikiwa sentimita 36 kutoka gotini, litasoma kilo 24 ikisogezwa hadi sentimita 30. Asiyejua hili atampongeza mgonjwa kwa nguvu ambazo hakuzipata.

Asiye na mizani ana kiti na saa. Mtu akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano. Mzee akizidi sekunde 15, miguu inahitaji kuangaliwa.

Upande wa umbo, tepu ya fundi cherehani ndiyo inayopendwa, na kwa maoni yangu inaaminiwa kupita kiasi. Inazunguka ngozi, mafuta, uvimbe na mfupa vyote pamoja; paja lililovimba hupimwa kama paja lililonona. Ultrasaundi, ile ile ya wajawazito, huona msuli wenyewe: unene wake, na pia weupe wake, kwa kuwa msuli ulioingiwa na mafuta au makovu huonekana mweupe zaidi kwenye kioo. Kwa kifaa hicho, watafiti wa London walionyesha mwaka 2013 kwamba wagonjwa mahututi walipoteza karibu asilimia 18 ya eneo la msuli mmoja wa paja ndani ya siku 10. Kulala tu kitandani na ugonjwa, siku kumi.

Kujua kama amri inafika yote kuna hila yake, iliyotumiwa London na Patrick Merton mwaka 1954 kwenye msuli wa kidole gumba. Mtu anakaza mpaka mwisho, kisha neva inapigwa mshtuko mdogo wa umeme. Nguvu ikiongezeka, basi kulikuwa na akiba ambayo ubongo haukuitumia.

Kwa wachezaji walioumia goti, wengi hungoja mguu mbovu ufike asilimia 90 ya ule mzima kabla ya kurudi uwanjani. Hapo pana mtego: mguu mzima nao hudhoofu mwenyewe anapokaa miezi bila kucheza, na 90 ya kilichopungua ni hesabu ya kujidanganya. Ndiyo maana miguu yote miwili hupimwa mapema, na kadi huandikwa kilo, pembe ya goti na urefu wa kamba, ili atakayepima mwezi ujao arudie vivyo hivyo.