Toba na kuona haya ni vitu viwili

Dada mmoja aliniambia juzi kwamba kwa sasa hasali wala haendi kanisani kwa sababu "bado niko kwenye toba." Nikamuuliza toba yenyewe ikoje. Akasema anangoja aibu ipungue kwanza. Neno hili nimeshalisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na linaniuma, maana kinachoitwa toba hapo ni kukaa mbali.

Toba ni kuiacha dhambi na kumrudia Mungu. Uzito wote uko kwenye kurudi.

Neno lenyewe limetoka Kiarabu, tawba, na mzizi wake ni kurudi. Manabii wa Israeli, kwa Kiebrania, walisema shub, kitenzi kilekile cha mtu anayerudi nyumbani kwake. Agano Jipya, kwa Kigiriki, lina metanoia, yaani kugeuka nia. Katika hayo matatu hakuna lenye aibu ndani yake. Nadhani tumepotoshwa na mazungumzo yetu ya kila siku: fulani kapigwa mpaka akasema toba, mwingine kaona jambo la kutisha, "Yarabi toba!" Hapo toba imekuwa kilio cha aliyeelemewa, na ndivyo tunavyofika mahali pa kudhani Mungu naye anasubiri tuumie kiasi cha kutosha ndipo asamehe.

Kuumia kuna neno lake, majuto. Biblia yetu ya Kiswahili imelitunza vizuri. Mathayo 27:3 inasema Yuda "alijuta." Alirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akakiri kwa kinywa chake kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Nani atasema hakuumia? Lakini ungamo lake alilipeleka kwa wakuu wa makuhani, nao wakamwambia ajionee mwenyewe. Akaenda kufa peke yake.

Petro naye alilia kwa uchungu baada ya kumkana Bwana mara tatu, akiwa amesimama kwenye moto wa makaa. Tazama Yohana 21. Anaambiwa tu kwamba aliye ufuoni ni Bwana, anajifunga vazi lake, anajitupa baharini, na wenzake wanabaki kukokota wavu. Kule ufuoni kuna moto wa makaa tena. Aibu yake ilikuwa bado mbichi kabisa! Aliulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na ya tatu ikamhuzunisha. Aibu hiyo ilitibiwa pale pale, akiwa ameshafika.

Hata mwana mpotevu aliondoka kwa wale nguruwe akiwa na sentensi aliyoitunga, ya kuomba afanywe kama mmoja wa watumishi. Alipofika alisema kwamba hastahili kuitwa mwana, na ile ya watumishi hakuifikia. Baba alishaagiza vazi lililo bora, pete na viatu. Vazi hilo aliletewa nyumbani. Njiani alitembea na alichokuwa nacho.

Kwa hiyo, dada yangu, unachopitia ni kuona haya, na si ajabu mtu aliyetenda kosa kuona haya. Ila tusiiite toba. Siku utakayosema "Baba, nimekosa," hata kama macho yako bado yako chini, hiyo ndiyo yenyewe.