Je, wajua jinsi muwafu na mwani wa kijani wanavyoziba majeraha yao?

Ukilitoboa gome la muwafu, ule mti mrefu ambao matunda yake, mpafu, Waganda huyalainisha kwa maji ya vuguvugu, hutoka ulimbo mweupe unaonata kidoleni na kunukia kwa ukali, kisha hukauka ukawa mabonge ya manjano yanayofukizwa kama ubani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ni damu ya mti, na kwamba mti unaochuruzika unaishiwa nguvu. Neno utomvu lilichangia kunipotosha, maana tunakiita hivyo karibu kila kitokacho kwenye mti. Sukari kutoka majanini hupita katika tabaka la ndani la gome, maji hupanda kupitia mbao, lakini ulimbo haulishi kiungo chochote. Hutengenezwa na seli zinazozunguka vijia vyembamba gomeni na kuwekwa humo akiba, mpaka jeraha litokee. Basi mti unaotoa ulimbo uko kazini, unaziba.

Mwani uitwao Caulerpa taxifolia, ambao mwaka 1984 uligunduliwa katika Mediterania karibu na Monaco, mbali na bahari zake za joto, una tatizo kubwa zaidi. Mti ni nyumba yenye vyumba vingi, ambamo dirisha moja likivunjika vyumba vingine husalimika. Mwani huu, pamoja na vijitawi vyake vinavyofanana na manyoya, ni seli moja tu yenye viini vingi, yaani ukumbi mmoja usio na kuta za ndani. Ukikatwa, ungepaswa kumwagika wote. Badala yake, kizibo huganda kwenye jeraha ndani ya dakika chache.

Muwafu huziba kama rangi ya mafuta iliyoachwa wazi: sehemu nyepesi, ndiyo yenye harufu, huruka hewani, na nzito hubaki ikakauka. Ndani ya maji njia hiyo haifai. Mwani hutumia njia inayofanana na gundi ya mirija miwili, ambayo haigandi mpaka vilivyomo vichanganywe. Jeraha huikutanisha kemikali iitwayo kaulerpenini na vimeng'enya vinavyoibadilisha, nayo hugeuka kuwa kali na kuzifunga protini pamoja. Haya yamechunguzwa katika spishi hii, na si haki kuyabandika kwa kila mwani wa kijani.

La kustaajabisha ni kwamba kemikali zote hizo ni terpeni, zinazojengwa kwa matofali ya kaboni 5: harufu ya ulimbo wa muwafu kwa kiasi kikubwa ina kaboni 10, mabonge yake 30, na kaulerpenini imejengwa juu ya kiunzi cha 15.