Embe Limekudhuru? Tuambie Umelimenyaje

Tangu msimu wa maembe uanze, kliniki yetu ya ngozi inapokea watu waliovimba midomo, na wengi hufika na hukumu tayari: "Maembe ya siku hizi yanapigwa dawa." Yapo yanayoivishwa kwa kabaidi, hatubishi. Ila vipele vinavyozunguka mdomo wa mtoto aliyemenya embe kwa meno mara nyingi ni kazi ya utomvu, ule unaochuruzika kwenye kikonyo na kugandia kwenye ganda. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na wabangua korosho wanajua mafuta ya ganda yanavyobabua vidole. Muwasho wa utomvu huweza kuchelewa siku moja hadi tatu, ndipo lawama inapomwangukia samaki wa jana.

Mzio wa tunda lenyewe hauchelewi hivyo. Ni dakika chache, au ndani ya saa mbili: kinywa kinawasha, mabaka yanavimba mwilini, sauti inakauka. "Mbona mwaka jana nililila?" Swali hili tunaulizwa kila siku. Mwili huanza kwa kukizoea kitu vibaya, kisha ndipo unakikataa. Wengine hata hawakuanzia kwenye tunda: muuguzi anayewashwa na glavu za mpira anaweza kudhurika na ndizi, parachichi au papai, kwa kuwa protini za matunda hayo na za mpira zinafanana. Nanasi kuchoma ulimi ni jambo jingine. Kimeng'enya chake, kinachomeng'enya protini, humchoma yeyote.

Ukija kupimwa mzio, acha setirizini (dawa ya kutuliza mzio) na dawa za jamii hiyo siku saba kabla, baada ya kumwuliza aliyekuandikia. Njoo na tunda lenyewe, lisilopikwa, halijamenywa. Tunalichoma kwa kisindano, kisha kisindano hichohicho kinadungwa juujuu kwenye ngozi ya mkono. Tunasubiri dakika 15 hadi 20 na kupima uvimbe kwa rula; ukifika milimita 3 kupita alama ya kulinganishia, ile ya kisindano kisichogusa tunda, tunauandika. Pumu ikiwa haijatulia, hupimwi siku hiyo. Na uvimbe peke yake si mzio: kama unalila tunda hilo bila taabu, endelea kulila. Barua ya kuiambia shule kwamba mtoto ana mzio hatuitoi kwa maelezo ya mdomo, hata mzazi akikasirika.

Tafadhali, mzio ukimbana mtu koo, maziwa hayalifungui. Wala setirizini haitoshi mtu akianza kukoroma anapohema, kutapika mfululizo au kuzimia. Dawa ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja kwa nje, na iko hospitali. Mlaze, miguu iinuliwe; akihema kwa shida, akae. Asitembezwe kuifuata bodaboda, gari limfuate alipo. Akipata nafuu baada ya sindano bado tutambakiza wodini kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi mgonjwa akiwa ameshafika kwake.